Kujikinga na mbu wa nje kabla ya kuingia kwenye chandarua: mwongozo wa kutumia vifukuza mbu vya hewani

Jua likishazama, kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni, nyumba nyingi za Bonde la Kilombero huhamia uani. Mama yuko kwenye mafiga anasonga ugali, watoto wamekaa mkekani wakimalizia kazi za shule kwa taa ya sola, baba ameegemea ukuta na redio yake, na jirani aliyekuja kuomba chumvi amekaa kidogo, yaani saa nzima. Chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda, na hakitafunguliwa mpaka saa tatu au saa nne usiku. Mwongozo huu unahusu muda huo wa katikati, ambao mbu anautumia na sisi hatujaupangia kinga yoyote.

Kifukuza mbu cha hewani ni kitu kilichotiwa dawa inayogeuka mvuke na kuenea katika hewa ya mahali fulani, ili mbu ashindwe kumfikia aliyekaa hapo bila mtu huyo kujipaka chochote. Dawa inayotumika zaidi katika vifaa vya siku hizi ni transfluthrini, ambayo ni ya jamii ya pairethroidi, yaani dawa zilizobuniwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto linalolimwa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania na upande wa Nakuru nchini Kenya. Dawa ya chandarua hukaa kwenye uzi ikimsubiri mbu aje aiguse, ilhali transfluthrini hupeperuka yenyewe katika joto la kawaida, bila moto wala umeme. Mbu anayeingia katika hewa hiyo huchanganyikiwa: yupo anayegeuza alikotoka, yupo anayetua pembeni asiume, na yupo anayedondoka, hasa mvuke ukiwa mwingi.

Kabla ya hatua zenyewe, msomaji ajue mipaka ya kinga hii. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwa mara ya kwanza matumizi ya vifaa hivi dhidi ya malaria, lakini pendekezo lenyewe lina masharti, nalo linahusu matumizi ya ndani ya nyumba, kama nyongeza ya vyandarua vyenye dawa au upuliziaji wa dawa ukoko, yaani dawa inayopulizwa kwenye kuta za ndani. Ushahidi mkubwa ulitoka Kaunti ya Busia, magharibi mwa Kenya, ambako maambukizi ya malaria kwa watoto yalipungua kwa takriban theluthi moja katika nyumba zilizowekewa vifaa hivyo, ikilinganishwa na nyumba zilizowekewa vifaa visivyo na dawa. Kwa upande wa nje, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamepima kwa miaka mingi mikanda ya magunia ya juti, mapambo ya mkonge, viti na hata kandambili zilizotiwa transfluthrini, wakakuta kwamba idadi ya mbu wanaowafikia watu hupungua sana. Hata hivyo, kupungua kwa kuumwa ni jambo moja na kupungua kwa ugonjwa ni jingine, na kwa matumizi ya nje hilo la pili bado halijathibitishwa kwa uzito ule wa Busia. Muuzaji akikuambia kwamba ukiwa na kifaa chake huhitaji tena chandarua, usinunue kwake.

Hatua ya 1: Ijue jioni yenu

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, chukueni jioni tatu au nne mfululizo mkaandika kwenye daftari nani anakaa wapi, kuanzia jua kuzama hadi kuingia kulala. Nyumba nyingi hugundua kwamba sehemu zenyewe ni mbili au tatu tu: jikoni nje, barazani, na pale televisheni inapowekwa. Zoezi hili lina sababu yake. Kifukuza mbu cha hewani hulinda mahali, hakimlindi mtu, kwa hiyo aliyetoka kwenda kisimani au dukani kununua sukari ameiacha kinga nyuma yake. Mlinzi anayezunguka jengo usiku kucha na dereva wa bodaboda watafaidika zaidi na mafuta ya kujipaka ya kufukuza mbu pamoja na nguo ndefu, na ni vyema waambiwe hivyo mapema kuliko kununua kitu kisichowafaa.

Angalieni pia mnaumwa sehemu gani za mwili. Mbu wa anofelesi, yule anayeeneza malaria, akimjia mtu aliyekaa, huruka chini chini na kuuma zaidi vifundo na nyayo. Ndiyo maana watafiti walifikia kutia dawa kandambili na sehemu za chini za viti. Wengi wetu jioni huvaa sweta la mikono mirefu huku miguuni tuna kandambili, tukaizingira kwa ulinzi sehemu ambayo mbu hakuwa na haja nayo.

Hatua ya 2: Chagua kifaa

Vifaa vilivyo bora kwa kazi hii ni vile vinavyotoa mvuke vyenyewe, ambavyo kwa sura ni karatasi laini ya plastiki au wavu mdogo wa kutundika. Viwili vya kwanza kupata kibali cha ubora cha WHO, mwaka 2025, ni Mosquito Shield, ambacho hubadilishwa baada ya takriban mwezi mmoja, na Guardian, kilichotengenezwa kidumu hadi mwaka mmoja. Vyote viwili vimekusudiwa kutundikwa ndani ya nyumba. Ukivitumia barazani au kwenye banda lililo wazi, tarajia vidumu kwa muda mfupi zaidi na vilinde eneo dogo zaidi, kwa sababu hewa ya nje haitulii.

Ile dawa ya mbu ya kuchoma, ya mviringo, inayopatikana karibu kila duka, nayo ni kifukuza mbu cha hewani, na kwa bei ndiyo inayofikiwa na wengi. Ubaya wake ni moshi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba kipande kimoja kikiungua hadi mwisho hutoa vumbi laini linalolingana na la sigara 75 hadi 137. Kwa hiyo ikitumika, itumike nje mahali penye hewa, iwekwe juu ya kibati mbali na mkeka na pazia, na isiingizwe kamwe chumbani kwa mtoto au kwa mwenye pumu. Vifaa vya kuchomeka kwenye umeme vinafaa sebuleni. Uani havina nguvu ya kutosha, na umeme ukikatika huwa vimekwisha kazi.

Kuhusu kuchoma trei za mayai, sitalizungumzia zaidi ya kusema kwamba kinachomfukuza mbu pale ni moshi uleule unaowafukuza na watu. Kivumbasi na mchaichai vina harufu inayomsumbua mbu kweli, lakini mmea uliopandwa tu kando ya ukuta hautoi harufu ya kutosha kulinda baraza.

Ipo hatari moja inayonipa wasiwasi kuliko zote. Baada ya habari za magunia yenye dawa kuenea, wapo wanaojaribu kujitengenezea kwa kuchovya gunia katika dawa ya shambani. Msifanye hivyo. Dawa ya kunyunyizia nyanya au pamba si transfluthrini, na baadhi yake ni za jamii nyingine kabisa, zenye sumu kali kwa binadamu hata kwa kugusa au kuvuta hewa yake. Magunia ya watafiti yalitiwa dawa kwa vipimo maalumu, na waliofanya kazi hiyo walivaa glavu na barakoa.

Hatua ya 3: Soma pakiti kabla ya kulipa

Tafuta jina la dawa iliyomo, tarehe ya mwisho wa matumizi, idadi ya siku inazodumu baada ya kufunguliwa, na namba ya usajili. Kwa Tanzania, usajili wa viuatilifu uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA); kwa Kenya uko chini ya bodi inayofahamika kwa kifupi PCPB. Pakiti iliyopasuka au iliyofunguliwa na kubandikwa upya uiache dukani hata ukipunguziwa bei, kwa kuwa dawa inayojipeperusha yenyewe imekuwa ikipeperuka humo dukani tangu siku pakiti ilipotoboka.

Hatua ya 4: Utafute upepo wa saa moja usiku

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na kosa lenyewe halionekani kwa macho. Mtu huja na kifaa saa nane mchana, akakitundika kwenye msumari uliokuwapo tayari, akaridhika. Lakini upepo wa mchana si upepo wa usiku. Pwani, upepo uliokuwa ukiingia kutoka baharini mchana kutwa hupungua jioni, na usiku huweza kugeuka ukatoka nchi kavu. Bondeni, hewa ya baridi huteremka kutoka milimani baada ya jua kuzama.

Njia ya kujua ni rahisi. Chukua uzi mwembamba wa kushonea, urefu wa mkono mmoja, ufunge kwenye ncha ya kijiti, kisha ukichomeke kijiti hicho ardhini karibu na mahali mnapokaa. Saa moja usiku mulika uzi kwa tochi uone unalalia upande gani, urudie saa mbili. Kama kuna jiko la kuni, moshi wake utakuambia yaleyale. Uzi ukilalia upande wa watu kutoka kwenye mpapai, basi kifaa kiwe upande wa mpapai, ili mvuke upite katikati ya watu kabla ya kutawanyika. Ukikiweka upande wa pili, utakuwa unalinda ua wa kuku.

Pembe yenye kuta mbili, banda la makuti, au uani palipozungushiwa uzio wa mianzi hushika mvuke vizuri kuliko uwanja mtupu. Usitundike kwenye kamba ya kuanikia nguo, kwani jua la mchana litaimaliza dawa wakati hakuna hata mbu mmoja anayeruka. Chagua chini ya upenu au mahali penye kivuli kutwa. Katika nyanda za baridi kama Njombe kuna tatizo la kinyume, kwa kuwa dawa hupeperuka polepole na kinga huwa hafifu, hivyo miguu ifunikwe zaidi.

Hatua ya 5: Tundika mapema na uandike tarehe

Kifaa kitolewe kwenye pakiti na kutundikwa angalau nusu saa kabla ya watu kukaa, maana mvuke huhitaji muda wa kujaa. Ukishika ukingo wa kifaa na kuuachia upande wenye dawa, mikono yako itaepuka mwasho. Hata hivyo nawa kwa sabuni ukimaliza. Fuata idadi iliyoandikwa kwenye maelekezo, wala usiongeze kwa kudhani kwamba viwili vitafukuza mara mbili.

Urefu wa kutundika unategemea nani yupo. Wakiwapo watoto wanaotambaa au wanaojifunza kutembea, kifaa kiwe juu ya kimo chao, mahali wasipoweza kukifikia hata wakipanda kiti. Wanapokaa watu wazima tu, kukiweka chini zaidi, karibu na miguu, kuna mantiki kwa sababu niliyokwisha kuieleza.

Kisha chukua kalamu ya maka uandike kwenye ukingo wa kifaa tarehe ya kukifungua na tarehe ya kukibadilisha. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa na kifaa cha mwezi mmoja kwa karibu miezi mitatu, nikiwalaumu mbu kwamba wamekuwa sugu na nikimlaumu aliyeniuzia kwamba ameniuzia feki, hadi siku nilipopekua droo nikitafuta risiti ili niende kudai pesa zangu, nikaona tarehe ya ununuzi. Kifaa kilichokwisha dawa kinafanana kabisa na kipya, na harufu haiwezi kukusaidia, kwa kuwa hata kikiwa kipya hakina harufu ya kusikika.

Hatua ya 6: Angalia waliomo ndani ya ua

Kwa kiwango kinachotumika katika vifaa vilivyosajiliwa, mvuke huu hauna madhara makubwa kwa mtu mzima mwenye afya. Anayehisi mwasho wa ngozi, kupiga chafya mfululizo au kichwa kuuma ahame mahali hapo apate hewa safi na kunawa. Mwenye pumu aangaliwe kwa karibu jioni za mwanzo. Mtoto akitafuna kifaa, mwosheni mdomo, msimtapishe kwa nguvu, na apelekwe kituo cha afya pamoja na pakiti yenyewe, kwa kuwa mganga atataka kujua jina la dawa.

Samaki hawavumilii kabisa dawa za jamii ya pairethroidi, hivyo anayefuga sato au kambare asitundike kifaa juu ya bwawa wala kukioshea humo. Nyuki nao ni wadudu kama mbu tu. Mizinga iwe mbali. Paka asiachwe akichezee kifaa kilichoanguka.

Hatua ya 7: Shamba la mpunga na msiba

Wakulima wengi wa Kilombero huhama kijijini kwa miezi kadhaa wakati wa kilimo cha mpunga, wakaishi mashambani katika vibanda ambavyo kuta zake ni nusu, au hazipo. Wanaoamia ndege huanza kazi alfajiri na hukaa nje hadi giza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulijaribu kwa wakulima hawa mikanda iliyotiwa transfluthrini na kufungwa kuzunguka uwazi ulio kati ya ukuta na paa, nayo ikapunguza mbu ndani ya vibanda na hata nje karibu navyo. Mwenye kifaa cha kununua anaweza kufuata wazo hilo kwa kukifunga upande wa kibanda unaopokea upepo, chini ya makuti, lakini chandarua akibebe vilevile, kwa kuwa kinafungika hata kwenye miti minne.

Msiba ni kazi ngumu zaidi. Watu mia moja wanaokesha uwanjani hawalindwi na kifaa kimoja kilichotundikwa kwenye mwembe. Kama familia ina vifaa vichache, viwekwe kwenye turubai wanapolala wazee, wajawazito na watoto, na waliobaki wajifunike miguu kwa khanga na mablanketi. Kusema kwamba uwanja wote umelindwa ni kujidanganya.

Zungumzeni pia na majirani. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Kilombero kuhusu mafuta ya kujipaka ulionyesha kwamba mbu aliyezuiwa nyumba moja anaweza kuhamia kwa jirani ambaye hajajikinga. Nyumba tatu zinazopakana zikinunua kwa pamoja, hakuna anayemsukumia mwenzake.

Hatua ya 8: Pima kama kinafanya kazi

Msikae miguu wazi kuhesabu mbu wanaotua. Kazi hiyo hufanywa na watafiti kwa taratibu zao na kwa ridhaa iliyoandikwa. Nyinyi hesabuni alama za kuumwa na miwasho kila asubuhi kwa wiki moja kabla ya kutundika, kisha wiki moja baada yake. Mkiona mbu ametua ukutani, mtazameni kabla ya kumpiga. Anofelesi hutua kichwa chini na mkia juu, kama msumari uliopigwa mshazari. Kuleksi, yule wa vyooni na kwenye mitaro, hukaa sambamba na ukuta. Katika miji mingi kuleksi wana usugu mkubwa dhidi ya pairethroidi, kwa hiyo kuwaona bado wakiruka hakumaanishi kwamba kifaa kimeshindwa kuzuia wa malaria, ingawa si jambo la kupuuza, kwani wao huweza kueneza matende. Ikiwa hesabu haikupungua kabisa, rudini kwenye uzi na upepo kwanza, kisha kwenye tarehe, ndipo mfikirie kununua kingine.

Hatua ya 9: Kitupe vizuri, na homa isikudanganye

Kifaa kilichokwisha muda kifungwe ndani ya mfuko wake na kitupwe pamoja na taka zinazokusanywa, au kifukiwe mbali na kisima na mto. Kisichomwe, na mfuko wake usiwekewe chumvi wala mbegu.

Ikitokea homa, nenda ukapime ndani ya saa 24, hasa kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano au mjamzito. Usimwambie mhudumu kwamba haiwezi kuwa malaria kwa sababu nyumbani mna kifukuza mbu. Mwache afanye kipimo cha haraka, na kikionyesha malaria, maliza dozi yote ya dawa mseto. Mweleze pia ulilala wapi na ulikaa wapi jioni katika wiki mbili zilizopita, kwa kuwa dalili huanza mara nyingi siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa, na huenda mbu aliyekuuma hakuwa wa barazani kwenu bali wa msibani, au wa kule shambani ulikokwenda kuamia ndege.